Gereji ya Kulipisha kwa Saa au Fundi wa Jua Kali? Ulinganisho kwa Wenye Magari ya Safari Mombasa

Mwenye Hiace ya kupeleka watalii Tsavo, au Land Cruiser iliyofungwa kitanda, friji na jiko kwa nyuma, akiharibikiwa Mombasa hutajiwa bei za aina mbili. Gereji yenye ofisi na kiyoyozi humtajia bei ya saa. Fundi wa jua kali humtajia bei ya kazi. Ya kwanza humshtua, ya pili humpa moyo, na uamuzi hupitishwa hapo hapo kabla hata boneti haijafunguliwa.

Msimamo wetu ni huu: bei kubwa ya saa inastahili kulipwa pale kipimo kinapoamua kazi, na haistahili pale mkono unapoamua. Kipimo ni skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), mizani ya gesi, geji, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na kitabu chenye namba za gari lenyewe. Mkono ni kulehemu, kushona, kunyoosha, kukunja springi, kusuka upya rediata. Mombasa imejaliwa mikono mizuri. Vipimo ndivyo haba, na ndivyo unavyovilipia. Gari moja huweza kuhitaji vyote viwili katika wiki moja, kwa hivyo gawa kazi.

Bei ya saa si bei ya kazi

Bei ya saa haina maana mpaka ujue ni saa ngapi, na saa hizo zimehesabiwa vipi. Gereji zinazofuata taratibu za kiwanda hutumia saa za kitabu: kila kazi imepangiwa muda wake, mathalani saa mbili na nusu, na utalipa hizo hata fundi akimaliza kwa saa moja au akihangaika kutwa. Nyingine hutumia saa za ukutani: gari likiingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, unalipia mchana mzima, pamoja na muda ambao fundi alikuwa akizunguka kutafuta soketi.

Marekani, ambako magari ya kulala ndani ni mengi na yana gereji zake maalumu, si ajabu kutozwa zaidi ya dola 150 kwa saa. Ugumu wa magari hayo uko kwenye sehemu ya nyumba. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa mabomba, waya na paa, na kulitafuta tatizo huchukua muda mrefu kuliko kulirekebisha. Kwetu ni vivyo hivyo. Paa la kuinuka la Land Cruiser yako halikutoka Japani. Lilikatwa na kuungwa katika karakana ya Mombasa au Nairobi, na hakuna kitabu kinachosema kubadilisha mpira wake ni saa ngapi. Kwa hivyo injini ilipie kwa saa za kitabu, na nyumba ilipie kwa bei ya kazi nzima mliyokubaliana mapema. Gereji ikikataa kutaja kiwango cha juu kabisa cha kazi ya nyumba, usiiachie ufunguo.

Tazama hesabu hii ya mfano. Bei halisi uliza mwenyewe. Gereji ya kwanza inatoza shilingi 3,500 kwa saa, ina soketi zote, inafungua na kufunga beringi za mbele za Land Cruiser pande zote mbili kwa saa 4. Jumla 14,000, ukiongeza VAT ya asilimia 16 inakuwa 16,240. Gereji ya pili inatoza 1,800, haina soketi ya habu (kitovu cha gurudumu), inahangaika saa 9. Jumla 16,200. Bei ya saa ni karibu nusu, tofauti ya malipo ni shilingi 40, na habu za gereji ya pili zimepigwa nyundo.

Injekta za D-4D: hapa lipa

Hiace nyingi za KDH na Prado za dizeli zinazotembea Pwani zina injini ya D-4D iitwayo 1KD-FTV. Ni injini yenye nguvu na uvumilivu, lakini ina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima. Chini ya kila injekta kuna washa ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande juu. Washa hiyo ikianza kuvuja, moshi na masizi huingia kwenye oili. Masizi hugeuka tope jeusi, tope huziba chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), presha ya oili huanguka, na beringi za krenki huungua. Mwenye gari huambiwa injini imekufa, wakati kilichoiua ni vipande vinne vya shaba.

Dalili za mwanzo ni kugonga kwa injini asubuhi ikiwa baridi, moshi mweupe dakika za kwanza, injini kutetemeka ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), na oili inayogeuka nyeusi nzito mapema mno baada ya sevisi. Ukifungua kifuniko cha oili na kukuta ukoko mgumu mweusi upande wa ndani, usingoje safari nyingine.

Kazi sahihi inakwenda hivi. Injini ipate joto la kawaida, kisha skana isome marekebisho ya kila injekta. Silinda inayozidi 3 juu au chini ya sifuri inashukiwa. Halafu yapimwe mafuta yanayorudi: vichupa vinne, kimoja kwa kila injekta, na kile kinachojaa haraka kuliko wenzake kinakuonyesha injekta iliyochoka. Injekta zikitolewa zinapelekwa kwenye mashine ya kupimia. Kiti cha kila injekta kinasafishwa mpaka chuma kionekane, kwa sababu chembe moja ya masizi chini ya washa mpya inatosha kuanzisha uvujaji tena. Washa za shaba ni mpya kila mara. Sampu inashushwa na chujio linatazamwa kwa macho. Mwisho, kila injekta mpya ina namba iliyochapwa juu yake, na namba hiyo lazima iandikwe kwenye kompyuta ya gari, kila moja kwa silinda yake.

Fundi asiye na skana ataruka hatua ya kwanza na ya mwisho, na hizo ndizo zinazoamua. Atakununulia injekta moja ya eksi-Japani, ataipachika na washa ya zamani aliyoipasha moto ilainike, na gari litawaka. Litawaka vizuri hata ukamshukuru. Baada ya wiki kadhaa mtetemo unarudi, kwa kuwa kompyuta bado inaihesabu injekta ileile ya zamani, na washa imeanza kupitisha moto. Ukilipia kazi hii saa tano au sita za gereji ghali, umelinda injini nzima. Hapa hatuna shaka hata kidogo.

Kinyume chake ni mkanda wa taiming wa 1HZ, injini ya lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za safari. Taa ya T-BELT huwaka kwenye dashibodi kila kilomita 100,000, na wengi hukimbilia gereji kubwa kwa hofu. Hofu ina msingi, maana mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni. Lakini kazi yenyewe ni nyepesi: mkanda ni mfupi, unaunganisha gia ya kemushafti na ya pampu ya dizeli tu, na hakuna haja ya kung'oa puli ya krenki. Fundi makini wa jua kali anaimaliza asubuhi moja. Nunua mkanda na rola yake vya asili wewe mwenyewe, simama upande wake, na hakikisha anaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuonyesha alama zimerudi mahali pake kabla ya kugusa stata. Mizunguko hiyo miwili ndiyo bima yako, na haina gharama.

Hiace za zamani za 5L nazo hazina kompyuta ya injekta. Nozeli zake hupimwa kwa pampu ya mkono, na mafundi wa pampu wa mjini wamezizoea. Usilipie skana kwa injini isiyo na cha kuskaniwa.

AC: unyevu wa Pwani haupatani na kazi ya haraka

Abiria akishuka Moi International na kupanda gari lisilo na baridi, safari imeharibika kabla haijaanza. Ndiyo maana AC ni kazi inayoharakishwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Mfumo ukifunguliwa, hewa ya Mombasa huingia ndani na unyevu wake. Maji hayo yakikutana na gesi ya R134a na oili ya kompresa hutengeneza asidi inayokula mabomba, na mengine huganda kwenye valvu ya upanuzi. Hapo AC hutoa baridi dakika ishirini, hukata, hurudi. Dawa ni kunyonya hewa yote kwa pampu angalau dakika 30, kufunga, kusubiri dakika 10 hadi 15 ukitazama geji kama sindano inarudi, kisha kutia gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Mfumo uliokaa wazi kwa siku kadhaa unahitaji na kichujio kipya cha kukaushia.

Njia ya barabarani ni kutia gesi huku fundi akishika bomba kwa mkono mpaka litoe jasho. Kwenye gari dogo inaweza kupita. Kwenye Hiace yenye AC ya nyuma, ambayo mabomba yake ni marefu na gesi yake ni nyingi, kukisia kunazidisha au kunapunguza. Ikizidi, presha hupanda na kompresa hulemewa. Ikipungua, oili hairudi kwenye kompresa vizuri nayo husagika, na unga wake huenea mfumo mzima. Hapo hununui kompresa tu. Unanunua kondensa na valvu pia, na mabomba lazima yasafishwe.

Swali la kumpima fundi wa AC ni moja: "Fundi, una mizani?" Akiwa nayo, pamoja na pampu ya kunyonyea, mpe kazi hata kama anafanyia chini ya mwembe. Gereji yenye vigae sakafuni isiyo na mizani haina tofauti na mtu wa mkebe kando ya barabara.

Gesi ya kupikia ndani ya gari

Hii tunaisema kwa ufupi kwa sababu haina mjadala. Magari ya kulala yanayoshushwa Kilindini kutoka Ulaya huja na jiko na pengine friji ya gesi zilizopangiwa presha ya milibari 30, na ya Kijerumani ya zamani milibari 50. Regyuleta ya mtungi wako wa kilo 6 au 13 lazima ilingane na kibandiko cha kifaa. Kuunganisha hosi kwa kibano na kuona mwali wa buluu hakutoshi. Lipa mtu mwenye kipimo cha presha afunge mfumo na kuuacha kwa dakika kadhaa aone kama inashuka, kisha kila kiungo kipakwe maji ya sabuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa sakafuni, kwa hivyo tundu la sakafu chini ya kabati la mtungi lisizibwe hata likiingiza vumbi. Bei yoyote ya saa kwa kazi hii ni halali.

Pale jua kali anapomshinda mwenye ofisi

Springi kwanza. Barabara za Tsavo zina mawimbi yanayovunja lifu kuu (bapa kuu la springi), na mafundi walio kwenye njia ya malori, Changamwe kuelekea Miritini, hufanya springi kila siku ya Mungu. Gereji ghali itakuagizia springi nzima na kukungojesha. Hawa watabadilisha lifu iliyovunjika, watarudisha upinde wa nyingine, na gari litaondoka jioni. Sharti ni mawili: boliti za U ziwe mpya, kwa kuwa zikishakazwa mara moja huvutika, na boliti ya katikati ikae ndani ya tundu lake kabla ya kukaza. Isipokaa, ekseli husogea na gari hutembea kama kaa.

Chesisi iliyopasuka ni kazi ya mkono pia, lakini uwe na maarifa ya kusimamia. Ng'oa vichwa vyote viwili vya betri kabla ya moto kuwaka, na kwenye gari lenye kompyuta chomoa alteneta. Kibano cha ethi kikae karibu na mshono, umeme usipite kwenye beringi. Mwisho wa ufa utobolewe tundu dogo ili usiendelee. Kiraka kisikatwe mraba wenye ncha zilizosimama wima. Ncha zake ziwe za mshazari, kwa sababu mshono wa wima huwa mstari mpya wa kupasukia. Halafu kuna suala la vijiti vya kulehemia. Wengi hutumia 6013, ambavyo ni sawa kwa bati. Kwa chesisi 7018 ni imara zaidi, ila hunyonya unyevu, na pakiti iliyokaa wazi mwezi mzima katika hewa ya Pwani huacha matundu ndani ya mshono. Sisitiza pakiti ifunguliwe mbele yako, au vijiti vikaushwe kwenye oveni yake. Kazi ikiisha, nyunyiza oili nzito ya kuzuia kutu ndani ya uwazi wa chesisi. Chumvi ya bahari huanza kula upande wa ndani usiouona.

Paa la faibaglasi lipeleke kwa mafundi wa boti. Mtwapa na Kilifi kuna watu wanaofanya kazi ya faibaglasi inayokabiliana na bahari, na ufa wa paa la gari kwao ni kazi ndogo. Watausaga ufa kwa mteremko mpana, mara kumi na mbili ya unene wa paa, wataweka tabaka za mkeka wa nyuzi na rezini, si puti. Rezini ya poliesta katika joto letu huganda upesi, kwa hivyo mwenye uzoefu hupunguza hadena (dawa ya kugandishia) kuelekea asilimia 1 na hufanya kazi mapema asubuhi. Ukiona fundi wa magari anapaka puti juu ya ufa na kuupiga rangi, ufa huo utaonekana tena kabla hujafika Voi. Turubai la pembeni mwa paa nalo lishonwe na washonaji wa maturubai, wenye uzi usiooza na cherehani nzito.

Rediata inategemea. Ya shaba husukwa upya na kuunganishwa kwa risasi, na wazee wa kazi hiyo ni hodari. Yenye tangi la plastiki haiponi kwa gundi; nunua mpya. Alteneta na stata zipelekwe kwa fundi wa umeme wa jua kali bila kufikiri mara mbili: atabadilisha kaboni, regyuleta au dayodi badala ya kukuuzia kifaa kizima. Akimaliza, washa injini na taa zote, weka mita kwenye betri, usome kati ya volti 13.8 na 14.5. Pedi za breki, bushi, sendi na ekzosi, vivyo hivyo, mradi spea umezinunua mwenyewe na gari limekaa juu ya stendi, si jeki peke yake.

Beringi za mbele: ni soketi inayoamua

Habu ya mbele ya Land Cruiser yenye ekseli ngumu inafungwa na nati mbili pana na sahani ya kufungia katikati yake. Soketi yake ni ya milimita 54. Asiye nayo hutumia patasi na nyundo, akiigonga nati kwenye pembe mpaka izunguke. Vipande vidogo vya chuma vinaanguka ndani ya grisi mpya, na nguvu ya kukaza inakuwa ile anayoihisi mkononi.

Hapo ndipo beringi mpya hufa mapema. Kwenye Land Cruiser ya series 80, yenye habu ya namna hiyo, nati ya ndani hukazwa kwanza kwa Nm 59 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) huku habu ikizungushwa huku na huku ili beringi zikae, hulegezwa, kisha hukazwa tena kidogo tu, karibu Nm 5. Nati ya nje hukazwa kwa Nm 64 na sahani hukunjwa. Beringi iliyobanwa mno huchemka na kuchoma grisi. Iliyolegea huacha gurudumu licheze na kuua sili. Na grisi ya zamani ikitoka nyembamba kama uji mwepesi, sili ya ndani ya ekseli imepitisha oili. Kubadilisha beringi bila sili hiyo ni kuirudia kazi.

Kwa hivyo usiulize bei. Uliza soketi ya 54 na spana ya kupimia. Fundi wa jua kali aliyevinunua vifaa hivyo ni bora kuliko gereji yoyote inayotoza mara tatu yake. Soketi yenyewe inafaa hata kuimiliki mwenyewe, ikae kwenye sanduku la gari.

Umeme wa nyumba ya gari

Friji ya volti 12 inayojizima usiku huletwa gereji ikidaiwa kuwa mbovu, na saa tatu za ghali huliwa ikichunguzwa. Piga hesabu kwanza. Friji inavuta ampea 5, betri iko mita 6 kutoka kwake, basi waya ni mita 12 kwenda na kurudi. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5, volti 0.7 hupotea njiani. Betri ikiwa na 12.0, friji inaona 11.3, na ulinzi wake wa betri ukiwa umewekwa juu huweza kuizima. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza chini ya volti 0.2. Pima kwa mita pale pale nyuma ya friji ikiwa inafanya kazi. Ukikuta volti za hapo zimepungua sana kuliko za kwenye betri, tatizo ni waya au viungo vilivyoota kijani kwa chumvi. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme wa kawaida, kwa nusu siku. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na friji.

Kinachoongezwa juu ya saa

Bei ya saa haikuambii nani atashika spana. Unaweza kulipia saa ya fundi mkuu na kazi ikafanywa na mwanafunzi wa miezi mitatu. Uliza jina la atakayelifungua gari na uongee naye, si na wa mapokezi pekee. Uliza pia kama ada ya kupima itaondolewa kwenye bili ukifanyia kazi hapo, na kama spea zimeongezwa bei juu ya ile ya dukani. Spea za zamani zilizotolewa zisitupwe; dai urudishiwe kwenye mfuko.

Ukileta spea zako, gereji nyingi zitakunyima garanti ya kazi nzima. Wana haki, kwa sababu soko letu lina beringi na filta za bandia zenye boksi lililochapwa vizuri kuliko la asili. Kwa kazi ya ndani ya injini, waache wao wanunue na waandike garanti. Kwa bushi na pedi, nunua wewe. Kwa jua kali, garanti ni ya mdomo, lakini isemwe mapema na mbele ya mtu: "Fundi, kazi ikirudi ndani ya mwezi, ufundi ni juu yako, spea ni juu yangu, sawa?" Na malipo yote yapite M-Pesa, ili tarehe na kiasi vibaki.

Wenye magari ya biashara wana jambo la ziada. Tangu 2024 KRA, mamlaka ya kodi, hutaka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS (ankara ya kielektroniki ya KRA) ndipo zihesabiwe kwenye kodi. Bili ya gereji iliyosajiliwa inapungua uchungu ukiliingiza hilo kwenye hesabu. Ya jua kali isiyo na ankara unaibeba yote.

Hesabu pia siku za kusimama. Agosti na Desemba gari lisilotembea linakula zaidi ya fundi. Gereji ikisema kipuri kinatoka Dubai, uliza kama gari linaweza kuondoka kikisubiriwa, na usikubali lifunguliwe kabla kipuri hakijafika.

Njia ambayo tunaipendekeza kwa tatizo lisiloeleweka ni kununua saa moja tu ya ghali. Lipia kupimwa kwa skana na geji, dai matokeo yaliyochapishwa yenye namba, kisha amua kazi iende wapi. Fundi wa jua kali akipewa karatasi inayosema silinda ya tatu, hatafuti tena kwa kubahatisha, na wewe hulipii kubahatisha kwake.

Gari likitoka popote pale, ghali au rahisi, usilipeleke Tsavo moja kwa moja na wageni ndani. Liendeshe tupu hadi Mariakani. Simama pembeni, gusa habu zote nne kwa nyuma ya mkono: iliyo moto kupita wenzake, hata usiweze kuweka mkono, rudi nayo polepole. Tazama chini ya injini kwa tone la oili, soma geji ya joto, sikiliza AC. Kilomita 500 zikipita, rudisha spana kwenye boliti za U na nati za magurudumu, na kama sampu ilishushwa, kagua kiwango cha oili kila asubuhi kwa wiki ya kwanza.